Salamu ya Nyumba ya Mwisho

Mvua ya juzi ilipenya darini na kulowesha sanduku la bati ambalo sikuwa nimelifungua tangu mama yangu afariki. Nilipoinua kifuniko, harufu ilitoka kabla sijaona kitu: naftalini, sabuni ya mawese, na chini yake uchungu mkavu wa makasu, zile kola ambazo bibi yangu alizitafuna kutwa mpaka meno yake yakawa na rangi ya kutu. Nikakaa sakafuni. Nilijua kilichokuwa chini kabisa ya sanduku lile, na kusema kweli nilitamani mvua iwe imekiharibu.

Tuliolelewa Kisangani tunamwita bibi Koko. Wangu alikuwa Koko Feza, mama mzazi wa Papa, aliyeletwa mjini akiwa msichana kutoka upande wa Maniema. Kufikia wakati nilipopata akili hakukuwa na ua katika mtaa wetu wa Kabondo ambao hakujua chungu chake kinapika nini. Alikuwa mtu wa watu hasa. Kula peke yake hakuweza. Siku isiyo na mgeni alisimama mlangoni na sahani yake akimvizia mpita njia. Waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, walizoea kupunguza mwendo mbele ya kwetu, maana angewasimamisha tu, abiria wakiwa juu, aulize kama mke wa nyumbani amepona tumbo. Wapo waliosema ni umbeya. Waseme. Hao hao ndio waliolia zaidi.

Kila asubuhi, ukungu wa mto ukiwa haujaondoka barabarani, alijifunga begani kikwembe chake, kitenge cha buluu chenye ndege weupe, akanishika mkono tukaenda kusalimia. Kwenye kila lango aligonga bati kwa pete yake, kisha akapaza sauti:

"Batu ya humu, muko?"

Na ndani waliitika wote, hata aliyekuwa anaoga:

"Tuko, Koko!"

Ndipo habari zikaanza, za wagonjwa, za mitihani, za nani ameonekana na nani. Mama Vero, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipenda kusema kwamba Koko akichelewa hata kuku wake wanagoma kutoka bandani.

Mimi nilikuwa kinyume chake kabisa. Niliitwa Feza kwa ajili yake. Nilikuwa ndoyi wake, yaani mwenzake wa jina, na kwetu ndoyi si mchezo. Tantine Wivine, dada mkubwa wa Papa, alipiga goti kidogo akinipa sahani. Papa, baba yangu wa kunizaa, aliniita Mama. Lakini mama yangu alinipa pia jina langu mwenyewe, Solange, na jina hilo Papa alilitunza kwa kazi moja tu: kunituma na kunigombeza. Mama yako humtumi kisimani, wala humwambii ana kichwa kigumu. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa "Mama, ulilala muzuri?" na kabla ya adhuhuri "Solange! Maji iko wapi?" Nililipenda jina hilo kuliko lile la heshima. Likiitwa, nilijua mimi ni mtoto na baba yangu yuko.

Ila sikuwa na maneno. Mtu akinisalimia nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka achoke. Koko alicheka: "Miye nilimalizaka maneno yote. Huyu masikini hakubakia na kitu."

Nyumba ya mwisho katika mzunguko wetu ilisimama mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea mto Tshopo. Mlango wake ulifungwa kwa waya, na majani yalikuwa yamepanda hadi kwenye dirisha. Koko aligonga pale kama kwingine. "Batu ya humu, muko?" Kisha akanyamaza. Alisubiri kuliko alivyomsubiri mtu yeyote, kichwa kimeinama upande wa sikio zuri, halafu akasema, "Bon. Sawa," akaanza kusimulia habari za siku, nani amezaa, mawese yamepanda bei, kisha tukarudi nyumbani. Sikuona ajabu. Nilidhani humo wanakaa watu wenye haya kama mimi, wanaoitika kwa sauti ndogo ambayo Koko peke yake anaisikia. Katika nyumba zote niliipenda ile. Wakati mwingine niliwapungia mkono dirishani, kidogo tu, nisije nikawaaibisha.

Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa nyumba ya Tonton Alfonsi, mdogo wake Papa. Aliijenga mwenyewe, na hata kabla rangi haijakauka akapanda baiskeli asubuhi moja, akashika njia ya Bengamisa aende Banalia kununua mawese. Vita ikaingia katikati. Yeye hakuonekana tena, baiskeli haikuonekana, na kwetu mtu asiyeonekana haliliwi, kwa sababu kumlilia ni kumzika. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa na marafiki zangu wenye haya, basi.

Koko alikufa mchana kweupe, ameketi, akicheka. Mama Vero alikuwa anamsimulia kisa cha mchungaji aliyeanguka na toleka matopeni, akanyamaza ili kicheko cha Koko kiishe amalizie kisa. Kicheko kiliisha, Koko akabaki anatabasamu, na Mama Vero akamaliza kisa chake chote kabla ya kugundua anazungumza na nani.

Matanga yalijaza barabara. Sikulia. Niliwatazama watu wazima wakigaagaa, nikaona wanakosea jambo fulani, kwamba Koko yuko nyuma ya nyumba anagawa chakula. Kisha ikafika asubuhi ya kushusha turubai la matanga, na Tantine Wivine akaniita chumbani.

Nitaeleza desturi hii kwa sababu hata wenzangu wa Kisangani hawaijui wote. Katika ukoo wetu marehemu aliyekuwa mtu wa watu hawezi kuondoka bila kuaga, na asipoagiwa atakuja kuaga mwenyewe. Basi ndoyi wake anavishwa nguo yake na kupita njia yake, nyumba kwa nyumba, akisalimia kwa maneno yake. Wenye nyumba wanaitika, wanamwambia walilokuwa nalo moyoni. Kwenye nyumba ya mwisho, yule aliyeitika anatoka, anamfungua mtoto ile nguo, anamuuliza, "Weye ni nani?" Mtoto anataja jina lake mwenyewe, si lile la marehemu, anapewa maji anywe. Hapo aliyekufa ameenda na mtoto amerudi. Ni lazima awe yule aliyeitika, mwingine hafai.

Tantine alinipaka mafuta ya Koko, akanifunga kikwembe cha buluu fundo la begani, akanivika pete kwenye kidole gumba. "Toka sasa hausemi maneno yako," akaniambia. "Unasema ya kwake tu. Usiogope, tuko nyuma." Nilitaka kumwambia kwamba sina maneno, yangu wala ya mtu. Lakini tayari alikuwa amepiga goti, safari hii goti kamili, akisema, "Twende, mama."

Langoni kwa Mama Vero niligonga bati. Nikafungua mdomo nikijua hakitatoka kitu. Ikatoka sauti nene ya mtu aliyekunywa kahawa, yenye kuvuta neno la mwisho kama Koko alivyolivuta: "Batu ya humu, mukooo?" Ndani ufagio ulianguka. Halafu sauti ya Mama Vero: "Tuko, Koko."

Alitoka akapiga magoti mbele yangu. Aliniomba radhi kwa kisa kile, kwamba alimaliza kukisimulia bila kujua. Papa Saidi, fundi wa nguo kutoka Maniema, mtu mzima mwenye ndevu, alinishukuru kwa ule mwaka nilipolisha watoto wake. Alilia kamasi zikamfika mdomoni. Nilichokiona, na ambacho sijawahi kukisahau, ni kwamba hakuna aliyenitazama usoni. Wote walitazama juu kidogo ya kichwa changu, pale uso wa Koko ulipokuwa unafika.

Nami nilikuwa najibu. "Haina mubaya, mwanangu." "Achana na kulia, chai itapoa." Maneno yalikuja yenyewe. Kwa nyumba chache za kwanza nilisikia raha, kusema kweli, raha ya mtu aliyekuwa bubu. Baadaye nilijaribu kufikiria jina langu lile dogo, ili niwe nalo tayari kwa nyumba ya mwisho, nikaona inabidi nilitafute. Ndipo hofu ikaniingia. Nilianza kuharakisha, si kwa sababu ya miguu, bali nilitaka nifike mahali ambapo mtu angeniuliza mimi ni nani kabla sijasahau jibu.

Baada ya kwa Papa Saidi wanawake walisimama wakabishana. Mama yangu alitaka tumalizie pale.

"Kule hakuna mutu," alisema. "Nani ataitika? Nani atamufungula mutoto?"

"Mama hakurukaka nyumba hata moja," Tantine Wivine akajibu. "Alikuwa anafika kwa Alfonsi, na sisi tutafika. Kama hakuna mutu ya kuitika, miye dada yake nitaitika."

"Na papa yake iko wapi? Aamue yeye."

Lakini Papa hakuwepo. Alikuwa ameondoka tangu alfajiri na hakuna aliyejua alikoelekea. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba nyumba ile haina mtu. Nilimtazama mama, nikamtazama Tantine. Niliwafikiria rafiki zangu niliowapungia mkono.

Tukaenda. Jua lilikuwa limepanda, barabara tupu, majani yamesimama bila upepo. Niligonga mbao za mlango kwa pete.

"Batu ya humu, muko?"

Kichwa changu kikainama upande chenyewe. Nyuma yangu nilimsikia Tantine akivuta pumzi ili aitike. Hakuwahi.

"Tuko."

Ilitoka ndani, karibu kabisa na mlango. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyeamshwa kutoka usingizi wa mchana.

Wanawake walikimbia wakaacha ndara zao barabarani. Tantine akanibeba begani na uzito wangu wote, akakimbia nami. Nyumbani mama alinivua kikwembe kwa nguvu, akakitupa kwenye sanduku akisema ni nguo tu, nguo tu. Nilisimama katikati ya chumba nikisubiri. Nilikuwa nimelitunza jina langu njia nzima, liko tayari ulimini. Hakuna aliyeniuliza.

Papa alirudi baadaye, suruali yake ya misa imejaa mbegu za majani zinazonata nguoni. Alinikuta mlangoni. Alinitazama juu kidogo ya kichwa, kama wale wengine, akasema taratibu, "Mama." Tangu siku ile hakuniita Solange tena.

Waliniona nimebadilika na wakafurahi. Mtoto aliyekuwa bubu sasa anasalimia mtaa mzima kila asubuhi, anajua tumbo la nani linauma. Nilianza kutafuna makasu, nikiwa mdogo vile, na sikuona uchungu wake. Mtaa ulikuwa umerudishiwa Koko wake na haukuuliza bei. Lakini mimi nilikuwa nimempoteza baba. Hakunituma tena. Nilivunja mtungi mpya mchana mmoja, makusudi, mbele ya macho yake. Aliinama akaokota vipande mwenyewe, akaniambia nisije nikajikata. Nikiingia chumbani alisimama. Watoto wenzangu walinionea wivu. Mtoto ambaye baba yake hamgombezi hana baba, ana mwana. Niliisubiri ile "Solange!" ya mchana mpaka nikawa mwanamke, nikaolewa, nikafiwa, nikarudi nyumba ile ile kumtunza mzee.

Basi juzi. Kikwembe hakikuwa kimelowa hata kidogo. Nilikuwa na nguo nyingine tele za kuanika, mikono imejaa, kwa hiyo nilikitupia begani nikatoka nacho nje. Papa alikuwa kwenye kiti chake cha barazani. Miguu haimsaidii sana siku hizi, ila akili yake ni ile ile.

"Ile kikwembe ingali iko," akasema.

"Iko, Papa. Mvua haikuigusa."

Nilitundika nguo mbili kwenye kamba kabla hajasema tena.

"Siku ile nilikuwaka ndani. Ndani ya nyumba ya Alfonsi."

Niligeuka.

"Nilipitia nyuma, asubuhi. Nilisema, kama njia ya mama inaishia kwa mudogo yangu, lazima mutu aitike. Haya gani, nyumba inyamaze mbele ya batu yote! Nilitaka kuitika, nitoke, nikufungule."

Raha ikanijaa. Miaka yote ile, kumbe! "Donc, basi ni weye, Papa. Ni weye uliitika."

Akatikisa kichwa kukataa.

"Nilifungula kinywa. Mbele ya kusema, mutu akaitika. Pale, pembeni yangu. Nilisikia pumuzi yake kwa shingo."

"Nani?"

"Unaniuliza nani? Nililala naye kitanda moja mpaka siku nilioa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikimbia. Nilitokea dirisha ya nyuma, nikakuacha pale mlangoni. Na toka siku ile, kila mara nataka kukutuma maji, neno inakatala. Najiuliza: na kama ni mama kabisa iko ndani? Nitamutuma mama yangu maji?"

Nilikuwa nimemkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja. Yeye alishika mikono ya kiti, akasukuma, akasimama. Nilitaka kumsaidia akanikataza kwa macho. Alinifikia. Mkono wake ulienda begani kwangu na ndipo nilipogundua kwamba kikwembe hakikuwa kimetupwa tu. Kilikuwa kimefungwa fundo, lile fundo la Koko, na sikukumbuka kulifunga. Vidole vyake vilihangaika nalo. Likafunguka.

"Weye ni nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alinitazama usoni, hasa usoni. Jina halikuja mara moja. Nilienda kulitafuta mbali, nikalikuta mahali nilipokuwa nimeliacha.

"Solange."

"Eeh." Alikaa tena kitini kwa kishindo. "Solange! Maji iko wapi? Toka asubuhi niko na kiu, na weye unasimama tu!"

Nilikimbia. Mwanamke mzima mwenye mvi, nilikimbia kuchota maji nikicheka na kupenga kamasi.

Jioni jua likiwa bado lipo tulikipeleka kikwembe, yeye juu ya toleka na mimi kwa miguu pembeni. Paa la Alfonsi limeshaanguka, mlango ungali umesimama. Tulikitundika kwenye ule waya. Papa hakugonga wala hakuita. Aliweka paji la uso kwenye mbao akamlilia mdogo wake kwa sauti, kwa jina, kama wanavyoliliwa waliokufa. Ndani hakuitika mtu.

Jana asubuhi nilitoka kusalimia kama kawaida yangu ya maisha yote. Ukungu ulikuwa chini. Nilifika langoni kwa Mama Vero, ambaye sasa ni mzee sana na haoni, ila anajua hatua za kila mtu. Niligonga bati. Nikafungua mdomo. Hakukuwa na kitu. Nilisimama pale nikitazama vidole vya miguu yangu, na mate mdomoni yalikuwa na uchungu wa kola, uchungu mbaya, sijui nimewezaje kuzitafuna miaka yote. Ndipo nikaelewa kwamba Koko Feza amekufa, na kwamba nilikuwa sijamlilia. Nilishika lango kwa mikono miwili.

"Koko?" Mama Vero aliita kutoka ndani. "Ni weye, Koko? Tuko!"

Sikuweza kuitika. Nikasikia kiti kinasogezwa, miguu inaburutwa uwanjani, mkono unapapasa bati upande wa pili.

"Ni nani iko pale?"

"Hapana, mama," nikasema, kwa sauti ndogo ambayo sijui kama aliisikia. "Ni Solange."